Shavu Lisiloguswa na Penseli: Dhana Potofu Kuhusu Michoro ya Watoto na Wanyama

Dhana: Mchoro wa penseli ni kazi nusu, unasubiri rangi.
Hausubiri kitu. Mtazame mtoto aliyelala katika mchoro mzuri: shavu lake halikuguswa na penseli kabisa. Ni karatasi tupu, yenye kivuli chepesi chini ya kidevu na kingine nyuma ya sikio. Ule unono unaujaza wewe mtazamaji. Utulivu wa michoro hii, kwa maoni yangu, unatoka pale mchoraji alipouzuia mkono wake.

Dhana: Mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa.
Hapa wengi huharibu, hata mafundi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima, kama sehemu moja ya saba na nusu. Macho ya mtu mzima hukaa katikati ya kichwa. Ya mtoto hushuka chini ya hapo, paji la uso likabaki pana, pua na mdomo vikabanana karibu na kidevu. Yapandishe kidogo tu, na mtoto wa miaka miwili anageuka kizee kifupi. Akicheka, usimchoree mstari kati ya kila jino na jino, atazeeka palepale.

Dhana: Mnyama huchorwa unyoya kwa unyoya.
Jaribu, utapata brashi yenye masikio. Kinachochorwa ni vivuli kati ya mafungu ya manyoya, kwa kufuata yanakolalia. Sharubu nyeupe za paka mweusi, kwa mfano, hazichorwi: karatasi hukwaruzwa kwanza kwa kitu butu kisicho na wino, na penseli ikipita juu, mifereji ile hubaki myeupe. Nukta ya mwanga machoni nayo iachwe tangu mwanzo, maana kifutio hakirudishi weupe uleule.

Dhana: Ndani ya penseli mna madini ya risasi.
Hapana, ni kinywe (grafiti, madini meusi laini) na udongo wa mfinyanzi, mchanganyiko ambao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliupatia hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli ni ngumu na hafifu (H); kinywe kikizidi, laini na nyeusi (B).

Dhana: Mchoro utafifia.
Kinywe ni kaboni, na mwanga hauipaushi. Kinachogeuka manjano ni karatasi yenye asidi. Adui mwingine ni kiganja cha mchoraji mwenyewe, kinachoburura ule unga hadi kwenye shavu lililoachwa jeupe. Ndiyo maana wazoefu hutandika kipande cha karatasi safi chini ya mkono.