Antena haizalishi nguvu

Wengi huamini kwamba antena yenye geini kubwa (kipimo cha nguvu inazopeleka upande wake bora, baada ya kutoa zinazopotea) huongeza nguvu za redio. Haiongezi hata wati moja. (Zile za kuchomeka kwenye umeme zina amplifaya ndani, hiyo ni habari nyingine.) Ifikirie kama kioo kilicho nyuma ya balbu ya tochi: mwanga ni uleule, ila umekusanywa upande mmoja. Mkusanyo huo ndio uelekezi.

Dipoli ya nusu wimbi, ile ya vijiti viwili tu, ina uelekezi wa 1.64, yaani upande wake bora hupata mara 1.64 ya kile ambacho ungepata kama nguvu zingesambaa sawa pande zote. Ukiipa wati 10, kisha 5 zikaishia kuwa joto kwenye viungio vilivyoshika kutu, ufanisi wake ni 0.5. Zidisha uelekezi kwa ufanisi: geini ni 0.82. Uelekezi haujaguswa. Ndiyo maana boksi la antena linalotaja uelekezi pekee huwa nalitilia shaka.