Eksirei ya meno haisomi tarehe ya kuzaliwa

Zamani mtoto akipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Asipolifikia, arudi mwakani. Siku hizi umri ukibishaniwa, hasa mahakamani, anapigwa eksirei ya meno, na majibu yanapokewa kama cheti cha kuzaliwa.

Watu husema mengi juu ya eksirei hiyo. “Daktari anahesabu meno yaliyoota.” Hapana. Kuota ndiko kunakodanganya: jino la utoto liking'olewa mapema kwa kuoza, la chini yake huweza kuwahi au kuchelewa. Eksirei huonyesha yanayoendelea ndani ya taya. Gego la kwanza la utu uzima huanza kujengeka karibu na siku ya kuzaliwa, huchomoza kwenye miaka 6, na mizizi yake hukamilika miaka mitatu hivi baadaye. Njia ya mtafiti Demirjian ya mwaka 1973 hukagua meno 7 ya chini kushoto, kila moja likapewa hatua, A hadi H. A ni ncha za jino tu, bado hazijaungana. H, tundu la mwisho wa mzizi limeshafunga. Kila hatua ina alama zake; hujumlishwa, kisha zinasomwa kwenye jedwali la wasichana au la wavulana, kwani meno ya wasichana hutangulia.

“Jedwali ni moja kwa watoto wote.” Jedwali hilo la Demirjian lilitokana na watoto wa Kanada wenye asili ya Kifaransa. Kwingineko mara nyingi huwazidishia watoto umri, na Wabelgiji walilirekebisha mwaka 2001 kwa ajili ya watoto wao.

“Gego la mwisho likikamilika, huyo ametimiza 18.” Hii ndiyo inayonikera. Kufikia miaka 16 hivi yale 7 yameshamaliza kukua, linabaki gego hilo peke yake, nalo ni kigeugeu. Wengine hawana kabisa. Wengine mizizi hufunga kabla ya 18, wengine baada ya 20. Na utafiti wa Afrika Kusini umeonyesha kwamba kwa vijana weusi gego hilo huwahi kuliko kwa Wajerumani. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 anaweza kuhukumiwa kama mtu mzima kwa sababu ya mzizi uliowahi. Ripoti ya kuaminika hutaja umri wa kati ya huu na huu, haiandiki “18” ikatia muhuri.

Mionzi? Ni kidogo, sawa na ya asili tunayoipata kwa siku chache.

“Eksirei inashinda neno la mama.” Mahakama ya Rufani ya Tanzania inakubali umri uthibitishwe hata na mzazi. Kabla ya kwenda eksirei, tafuteni kwanza kadi ya kliniki. Huenda ipo kwenye sanduku la bibi, chini ya khanga.