Maji hayaikomazi alumini: dhana za gereji na ukweli wake

Fundi wa Ngamiani, pale Tanga, aliyekulia kwenye chuma, ukimpa alumini ataifanyia yale yale yanayokifanya chuma kiwe kigumu: moto, kisha ndoo ya maji.

Dhana: Alumini ikichomwa na kutumbukizwa majini hukakamaa papo hapo.
Ukweli: Aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini na shaba ikipashwa hadi nyuzi 500 hivi na kuzimwa majini hutoka laini. Maji huzinasa tu atomi za shaba humo ndani kabla hazijajitenga. Ugumu, ndiko kukomaa kwenyewe, huja baadaye, zinapojikusanya vikundi vidogo mno vinavyozuia tabaka za metali zisiteleze. Alfred Wilm aliliona hili Ujerumani mwaka 1906: kipande alichokipima kikiwa laini alikikuta kigumu siku chache baadaye. Sababu hakuijua, vikundi hivyo vilionekana kwa eksirei mwaka 1938. Ndiyo maana mafundi wa ndege huhifadhi baadhi ya ribiti (vipini vya kuunganishia mabati) kwenye friza, zisikomae kabla ya kugongwa.

Dhana: Sufuria ya bibi ni ngumu kwa sababu ni ya zamani.
Ukweli: Ni nene tu. Alumini iliyo karibu tupu haikomai hata ikae miaka mia.

Dhana: Rimu iliyopinda kwenye shimo, ikinyooshwa kwa moto, inarudi kama mpya.
Ukweli: Umbo litarudi, nguvu haitarudi. Rimu nyingi za aloi zina silikoni asilimia 7 hivi na magnesi kidogo. Zile zilizokomazwa kiwandani hupashwa karibu nyuzi 540, huzimwa majini, kisha hukaa saa kadhaa kwenye tanuri la nyuzi 150 na ushei. Moto wa gesi unapita hapo mbali sana: vikundi, humu vikiwa vya magnesi na silikoni, huvimba, vikapungua idadi, na metali ikalegea. Baya zaidi, fundi wa chuma husoma joto kwa rangi, na alumini haimpi rangi hiyo. Ikiwa tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi ya rimu chini ya hapo, mchana kweupe bila kuwa nyekundu. Mimi rimu ya namna hiyo nisingeifunga kwenye gari la kwenda Segera.

Kuchomelea nako ni hivyo hivyo. Ngazi ya aloi iliyokomazwa, ikiungwa mguu, mara nyingi haikatikii kwenye weldi. Hukatikia pembeni yake, pale joto lilipopita.