Hedifoni ya DJ: yanayosemwa vijiweni na yanayofanyika mezani

Kwenye sendofu moja Sinza, mama mmoja wa kamati alinijia mezani kabla hata keki haijakatwa. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hivi huko sikioni unasikiliza nini ambacho sisi hatukisikii? Au unafuatilia mechi?"

Nilicheka, maana jioni ile Yanga walikuwa uwanjani kweli. Lakini swali lake lilikuwa na akili kuliko majibu mengi ninayoyasikia mtaani, hata kwa vijana wanaotaka kuifanya kazi hii.

"Anasikiliza wimbo uleule tunaoucheza"

Sivyo. Miksa, yaani mashine ya kuchanganya nyimbo, inatoa sauti kwa njia mbili. Moja inakwenda kwenye amplifaya na spika za ukumbini, ya pili inaishia masikioni mwangu. Kila chaneli ina kitufe chake cha hedifoni. Ukikibonyeza, wimbo wa chaneli hiyo unakufikia hata kama kitelezi chake cha sauti kimeshushwa hadi chini kabisa. Kwa hiyo nyinyi mnacheza wimbo wa sasa, mimi natafuta mdundo wa kwanza wa wimbo ujao, mahali mwimbaji anapoingilia, na kama kasi yake inakubaliana na huu mnaoucheza.

Jambo hili lilitafutwa kwa jasho. Mjini New York, kuelekea mwaka 1970, Francis Grasso wa klabu ya Sanctuary alikuwa tayari anaoanisha midundo ya santuri mbili akiwa na hedifoni. Miaka michache baadaye, huko Bronx, Grandmaster Flash, kijana aliyesomea umeme, alijitengenezea swichi ya kumwezesha kuisikia santuri ya pili kabla umati haujaisikia. Ufundi wa kuungaunga waya namna hiyo, mtu wa Kariakoo angeuelewa mara moja.

"Midundo ikigongana, shida ni spika"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumbuka.

Fikiria wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja. Wakipokezana sawasawa, mtaa mzima unasikia mlio mmoja uliotulia. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana. Nyimbo mbili ni hivyohivyo. Chukua amapiano ya midundo 112 kwa dakika na nyingine ya 112.5. Nusu mdundo inaonekana si kitu, lakini baada ya midundo 32, yaani sekunde 17 hivi, zimeachana kwa milisekunde 76. Kila mcheza dansi analijua kosa hilo kwa miguu, hata kama hana jina lake. Ndiyo maana unamwona DJ anagusa sahani kwa ncha ya kidole: anausukuma au kuuzuia wimbo unywele mmoja, huku anausikiliza hedifonini.

Sasa kisa changu. Ukumbi ulikuwa mrefu, mapambo yamejaa mbele, kamati ikaamua meza yangu ikae nyuma, mita kama 15 kutoka kwenye spika. Spika ya kunisikilizisha mimi mwenyewe haikuwepo. Sikio moja nikavaa hedifoni, jingine nikaliacha wazi kuusikia ukumbi, nikaoanisha vizuri kabisa. Nikapandisha wimbo wa pili. Ta-tak, ta-tak, ta-tak! Bibi harusi mtarajiwa akageuka kunitazama.

Sauti hewani husafiri mita 340 na ushee kwa sekunde. Mita 15 ni milisekunde 44 hivi za kuchelewa. Nilichokisikia kwa sikio wazi kilikuwa kimeshapita, nami nikaupanga wimbo mpya umfuate aliyechelewa. Kwenye singeli ni balaa zaidi: kwa midundo 220 kwa dakika, pigo hadi pigo ni milisekunde 273 tu, na 44 ni karibu sehemu moja ya sita yake.

Dawa yake ni spika ndogo karibu na meza. Kama haipo, zungusha kile kitasa kinachochanganya sauti ili nyimbo zote mbili, unaotoka ukumbini na unaosubiri, uzisikie ndani ya hedifoni. Hapo hakuna hewa katikati ya kukudanganya.

"Siku hizi kuna SYNC, hedifoni ni ya picha tu"

Kitufe hicho cha kuoanisha midundo chenyewe kinafanya kazi, sitakidharau. Kwa nyimbo zilizotengenezwa kwenye kompyuta, zenye kasi isiyoyumba, kinaoanisha haraka kuliko mkono wangu. Ila programu inakisia mdundo ulipo, na ikikosea inakosea kwa kujiamini. Halafu mzee mmoja anakuja na ombi la zilipendwa. Bendi kama NUTA Jazz au Mlimani Park zilirekodi Radio Tanzania wakipiga pamoja, binadamu yuko kwenye ngoma, na wimbo ukifika kwenye chemko kasi inapanda na damu yao. Laptopu inakuandikia namba moja kwa wimbo wenye kasi tatu. Hapo ni sikio tu.

Tena SYNC haijui maneno. Inaweza kukuwekea waimbaji wawili juu ya mdomo mmoja, midundo ikiwa imenyooka kama rula. Upande wa pili, sikio litakuonyesha mambo mazuri ambayo namba zinayaficha: amapiano ya 112 na singeli ya 224 zinaingiliana, kwa sababu ya pili ni mara mbili kamili ya ya kwanza.

"Sikio moja ni maringo" Baadhi yetu tunaringa, nakubali. Lakini sikio jingine linabaki ukumbini kwa sababu wimbo unaochezwa uko huko, na MC naye anaita kutoka huko. "Vitufe vya CUE vyote ni kimoja" hapana: CUE ya kwenye miksa inapeleka sauti hedifonini, ya kwenye pleya, mashine inayocheza wimbo, inakurudisha mahali ulipoweka alama. Ukibonyeza ya pleya ukidhani ni ya miksa, ukumbi unakatika kimya. "Hedifoni yoyote ya Bluetooth itatosha" haitatosha, nyingi zinachelewa zaidi ya milisekunde 100.

"Ya DJ lazima ivume sana"

Inatakiwa izibe vizuri, kelele za nje zisiingie, ili usilazimike kuipandisha. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mfanyakazi asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100, una dakika 15. Kigodoro cha usiku mzima Mbagala hakina dakika 15. Mimi naipandisha wakati wa kuoanisha, nikimaliza naishusha shingoni.

Na adapta ya milimita 3.5 kwenda 6.3 beba yako, tena mbili. Ile ya ukumbini huwa imeondoka na DJ wa jana.