Nati ya oili iliyogoma haihitaji nguvu zaidi

Wengi huamini kwamba nati ya kumwagia oili (ile ya chini ya injini, inayofunguliwa ili oili chafu itoke) ikigoma, dawa ni kuchomeka bomba refu kwenye spana na kusukuma kwa nguvu zote. Sivyo. Spana ya pembe 12 hushika kona tu, na ikiteleza mara moja kichwa cha nati huviringika, hapo ndipo tabu huanza. Tumia soketi ya pembe 6, inayobana kwenye ubapa. Safisha kichwa kwanza ili soketi izame yote, kisha vuta kwa mishtuko mifupi kinyume cha saa, ukikitazama kichwa kutoka chini. Ukiwa umelala chini ya gari (likae kwenye stendi, kamwe si jeki pekee!) ni rahisi kukosea upande ukaikaza zaidi.

Kiini cha ugumu mara nyingi ni aliyeifunga mara ya mwisho, akidhani kukaza sana ndiko kunakozuia kuvuja. Kinachozuia ni washa, yaani kipete bapa cha shaba au alumini chini ya kichwa cha nati, kinachobonyea kidogo. Magari mengi madogo hutaka nati ikazwe kwa takribani nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 45. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya alumini ni laini kuliko nati ya chuma, kwa hiyo meno ya sampu ndiyo hung'oka kwanza. Weka washa mpya kila unapobadilisha oili.