Usichague kozi kwa kuangalia orodha ya viza

Wiki hii nimeulizwa tena, mara tatu ndani ya siku mbili: "Nisome kozi gani inayotakiwa Kanada?" Wa mwisho alinitumia picha ya orodha ya kazi zenye uhaba wa watu. Kazi tano alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu, akaomba nimchagulie moja. Miaka yote ninayofanya kazi ya kushauri wanaotaka kuhama, swali hili nimelijibu kwa upole. Upole haujasaidia. Watu wanazidi kumaliza akiba zao kwenye kozi ambazo hazitawafikisha popote.

Orodha inaonyesha uhaba wa leo, nawe utahitimu miaka mitatu au minne ijayo. Angalia yaliyotokea Uingereza. Februari 2022 walezi wa wazee na wagonjwa waliruhusiwa kuomba viza ya wafanyakazi wa afya. Machi 2024 wakakatazwa kwenda na wenza na watoto wao. Julai 2025 waajiri wakazuiwa kuchukua walezi wapya kutoka nje ya nchi. Aliyeanza shahada ya miaka minne siku njia ile ilipofunguliwa, ilifungwa akiwa bado darasani. Kanada nayo ilianza mwaka 2023 kuita watu waombe ukaazi kwa makundi ya kazi, na usafirishaji ukiwamo. Mwaka 2025 usafirishaji ukatolewa, kazi za elimu zikaingizwa. Kama ulisoma kwa ajili ya kundi, kundi limekuhama.

Kisha kuna hesabu ambayo mawakala hawaifanyi mbele ya mteja. Alikuja kwangu mhasibu wa miaka 34, hana mwenza, ana shahada moja na uzoefu wa kutosha. Alitaka kuacha uhasibu asome shahada nyingine ya miaka minne "inayotakiwa". Tukakaa na jedwali la alama la Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa alama, mstari kwa mstari. Umri wa miaka 34 una alama 83. Akisoma miaka minne na kufanya kazi mwaka mmoja atakuwa na 39, na umri huo una alama 55. Amepoteza 28. Shahada moja ina alama 120, mbili zina 128. Ameongeza 8. Basi ni miaka mitano na ada yote ile, arudi nyuma alama 20 kwenye mistari hiyo miwili.

Halafu nikamwomba matokeo yake ya mtihani wa Kiingereza. Alikuwa kiwango cha 7 katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza, kwa kipimo cha Kanada. Kiwango hicho kina alama 17 kwa kila kimoja, yaani 68. Kiwango cha 9 kina 31 kwa kila kimoja, yaani 124. Miezi michache ya kujinoa lugha ingemwongezea 56 bila kuacha kazi. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Nilimjibu kuwa hakuna anayelipwa kamisheni kwa kukushauri urudie mtihani.

La uzoefu nalipitia haraka. Njia ya wafanyakazi wenye ujuzi ya Kanada inadai angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi yenye malipo, ndani ya miaka 10 iliyopita. Kujitolea hakuhesabiwi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kozi jiulize nani atakuajiri siku utakapohitimu, hapo hapo ulipo. Kama hakuna, kozi hiyo weka kando.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi: watu kuchanganya tathmini ya cheti na leseni. Tathmini ni karatasi inayosema shahada yako inalingana na shahada ya kule. Inakupa alama za uhamiaji, basi. Muuguzi, mkunga, mfamasia, mwalimu, fundi umeme, wote hawa kule wana bodi zao zinazotoa leseni ya kufanya kazi, na bodi haijali karatasi ya tathmini ilisema nini. Inafungua mtaala wako na kuhesabu.

Dada mmoja muuguzi aliniletea faili lake akiwa na furaha, tathmini ikiwa juu kabisa. Alikuwa anaelekea Marekani na alishaanza kujisomea NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa kule. Nilichukua transkripti yake nikapitisha kidole. Uuguzi wa watu wazima: saa za darasani zipo, saa za wodini zipo. Uzazi na watoto, hivyo hivyo. Nikafika kwenye afya ya akili: saa za darasani zimeandikwa, za wodini patupu. Nilimuuliza kama aliwahi kupangiwa wodi ya wagonjwa wa akili. Akasema zamu zao zilifutwa muhula ule, chuo kikawapa alama za darasani wakaendelea. Bodi nyingi za majimbo huangalia nadharia na vitendo katika kila tawi, na kwao mtu hapewi ruhusa ya kuufanya mtihani huku kuna pengo kama lile. Ilibidi atafute mahali pa kurudia saa hizo akiwa tayari mhitimu mwenye kazi na watoto. Angeuliza mwaka wa pili, ingekuwa barua moja kwa mkuu wa idara.

Ndiyo maana nasema anza na bodi ya kule unakokwenda, si na chuo. Tafuta masharti yake kwa wanaotoka nje, yachape, kisha uende chuoni na karatasi hiyo mkononi uulize mtaala wao una nini na unakosa nini. Chuo kisichotaka kukuonyesha mtaala kabla ya kulipa ada, ondoka.

Ujerumani wao wana utaratibu ninaouheshimu. Wakikuta cheti chako kimepungukiwa wanakuandikia upungufu wenyewe, na muuguzi anaweza kuuziba kwa mafunzo ya kujazia au kwa mtihani. Ila lugha haina mkato; kwa wauguzi kwa kawaida ni B2, ngazi ya nne kati ya sita za kipimo cha lugha cha Ulaya, na B2 ni kazi ya kila siku. Australia fundi umeme hupimwa ujuzi kwanza, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi huku akijazia mafunzo ya kule kabla ya leseni kamili. Kozi ya sheria ndiyo ngumu kuliko zote kuhama nayo, maana kila nchi ina yake.

Kuna mahali nami nimeyumba. Kwa miaka kadhaa niliwasukuma vijana kwenye kazi ya kuandika programu za kompyuta, kwa sababu haidai leseni, na hata Ujerumani inaweza kukupa Blue Card, kibali cha kuishi na kufanya kazi kule, bila shahada kama una miaka mitatu ya uzoefu wa kazi hiyo ndani ya saba iliyopita. Bado ni njia halali. Lakini nawaona wanaomaliza sasa wakihangaika kupata ile kazi ya kwanza, na bila kazi hiyo, ile miaka mitatu haianzi kuhesabika. Siisemi tena kwa uhakika ule. Vilevile niliwahi kumkataza mtu uuguzi kwa sababu alikuwa akiogopa damu na alitaka viza tu. Alisoma hata hivyo, leo ni muuguzi mzuri na anaipenda wodi. Nilimkosea, na tangu hapo nauliza zaidi kabla ya kukataza.

Ukitaka kuniuliza, usiniletee orodha yenye duara jekundu. Nitajie umri wako, cheti ulichonacho tayari, kazi uliyofanya na kwa muda gani, matokeo yako ya lugha, na masharti ya bodi ya nchi unayoitaka. Hapo tutaanza kuzungumza, na huenda tukagundua huhitaji kozi mpya kabisa.