Je, kivinjari hutafsirije makala ya kitafiti bila kuituma kokote?

Huduma nyingi za tafsiri mtandaoni hupeleka maandishi yako kwenye seva ya mbali, yakatafsiriwa huko, kisha yakarudi. Kwa andiko ambalo halijachapishwa, au lenye taarifa za wagonjwa, safari hiyo haifai kabisa. Siku hizi kazi yote yaweza kufanyika ndani ya kompyuta yako. Firefox, kwa mfano, imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 118, Septemba 2023: maandishi hayatoki, bali modeli ya akili mnemba ndiyo inayopakuliwa.

Modeli inaeneaje humo? Inapunguzwa. Chukua NLLB-200, modeli ya tafsiri iliyotolewa na Meta mwaka 2022, yenye lugha 200, Kiswahili kikiwemo. Toleo lake dogo lina vigezo milioni 600, yaani namba ambazo modeli ilijifunza na ambazo huzitumia kukokotoa tafsiri. Kila kigezo kikihifadhiwa kwa biti 32, faili hufikia gigabaiti 2.4 hivi; kwa biti 8, hushuka hadi megabaiti 600 hivi, na ubora hupungua kidogo tu. Modeli za Firefox ni ndogo zaidi, makumi ya megabaiti kwa kila jozi ya lugha. Ila jozi isiyo na Kiingereza hupitishwa kwenye Kiingereza kwanza, kwa hiyo kosa la hatua ya kwanza hurithiwa na ya pili. Hesabu zenyewe hufanywa na prosesa kupitia WebAssembly (njia ya kuendesha programu kwa kasi ndani ya kivinjari), au na kadi ya michoro kupitia WebGPU (njia ya kivinjari kuitumia kadi hiyo), ambayo Chrome iliianza katika toleo la 113, mwaka 2023.

Watu hulaumu modeli tafsiri ikiharibika, lakini mara nyingi mkosaji ni PDF. Faili hiyo kwa kawaida haijui aya; inajua herufi gani ichorwe wapi. Makala yenye safu mbili ikisomwa kwa mlalo, mstari wa kushoto huungana na wa kulia. Neno lililokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari huwa vipande viwili visivyo na maana, na fomula humwagika kama herufi zilizotawanyika. Kibaya zaidi, modeli ikipewa sentensi iliyovunjika haikatai: huandika sentensi laini, inayosomeka vizuri, isiyokuwamo kwenye makala.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta toleo la HTML, yaani makala ikiwa ukurasa wa kawaida wa wavuti. Tangu Desemba 2023, arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kitafiti, hutoa toleo hilo kwa makala nyingi zilizoandikwa kwa TeX, mfumo wa kupanga maandishi na fomula. Badilisha tu neno «abs» kwenye anwani ya makala liwe «html». Ukikosa, nakili sehemu moja moja kutoka PDF, unganisha mistari, ondoa vistari vya kukatia maneno, na mahali pa kila fomula weka alama kama X1 au X2 utakayoirejesha baadaye. Hakikisha alama zote zimetoka upande wa pili, maana modeli huweza kuimeza mojawapo.

Usiipe NLLB ukurasa mzima kwa mkupuo. Ilifunzwa kwa matini yasiyozidi tokeni 512 (tokeni ni neno au kipande cha neno), na wenyewe walioitengeneza wanasema haikukusudiwa nyaraka nzima wala matini ya kitabibu au ya kisheria. Matini marefu huweza kupoteza sentensi katikati. Kutafsiri sentensi moja moja ni salama zaidi, ingawa kuna gharama yake: modeli haikumbuki iliyotangulia, hivyo istilahi moja yaweza kupata majina matatu katika makala moja. Tengeneza orodha yako ya istilahi kabla, kisha zisawazishe kwa mkono.

Upakuaji ukikamilika, kata intaneti na ujaribu aya moja. Ikitafsirika, modeli ipo kwenye kifaa kweli. Ukiwa unatumia ukurasa wa wavuti uliojipakulia modeli, kufuta data za tovuti huifuta pia, na utaipakua upya.

Kisha linganisha na andiko la awali kila ukanushi, kila namba na kila kipimo. «Hakukuwa na tofauti» ikigeuka «kulikuwa na tofauti», matokeo yote yamepinduka, na hakuna alama yoyote itakayokuonya. Majedwali yasome katika lugha yake ya awali.